Kiwango

Fomu ya mtihani inauliza lugha, kisha kiwango.
Naandika Kihispania, A mbili, kwa kalamu inayovuja,
darasani juu ya duka la misumari na rangi, Nakuru,
mvua ya Aprili ikitwanga mabati
hata Mwalimu Lagat anafundisha kwa ishara.

Tuko wanne. Sista Perpetua anatumwa Bolivia.
Wairegi anataka kuwaelewa watangazaji wa mpira,
lile goli lao refu lisilojua kituo.
Njambi ana mchumba Malaga; hatumuulizi mengi.
Mimi nafunga waridi huko Njoro,
na kwa miaka miwili nilibandika karatasi za shehena
kichwa chini, miguu juu.

A moja ilikuwa nchi ya watoto.
Naitwa Ayuma. Paka yuko chini ya meza.
Na meza ni *mesa*, bendera ni *bandera*,
hata *hata* yetu wanayo, wameichomeka s katikati.
Nikajiona nimeingia kwa jirani kwa mlango wa jikoni.
Ndipo ikaja *pera*, na picha yake haikuwa pera:
tunda la shingo nyembamba, geni kama mzungu wa mbegu.
Nikajua, kufanana si undugu.

Kisha vitenzi viwili vya kuwa, *ser* na *estar*,
wiki tatu nzima, Wairegi akilowa jasho.
Mimi nacheka kwenye kola. Si *ni*, na *yuko*?
Mama ni mshonaji. Mama yuko sokoni.
Cha kulilia hapo ni kipi?

Jumamosi ile bibi alipiga simu toka Esibuye.
Maneno yakaja kama mahindi yanayomwagwa guniani,
nami nikaokota mawili: *mulembe*, na jina langu.
Nikasema *mulembe*. Nikasema *orio*. Nikaishiwa.

Nilizaliwa Kaptembwa. Nina Kiswahili cha ploti,
Kiingereza cha kiboko, Kikuyu cha kununulia viazi.
Kinyore nilikisikia kupitia ukuta,
baba na mama wakizozana usiku wasitake tuelewe.
Hawakukosea: hatukuelewa.
Kwa ngazi za Mwalimu Lagat, mbele ya bibi mimi ni A moja.
Hapana. A moja hujua kuuliza, unaumwa wapi.

Mtihani nikaupita.
Mwanamke wa kwenye kinasa sauti alipotea njia ya stesheni
nami nikamfuata kona kwa kona mpaka akafika.

Bibi tulimzika Agosti.
Wanawake walisimama mmoja mmoja wakamsema,
watu wakacheka, wakalia, wakacheka tena,
na mimi kila mara nyuma yao kwa pumzi moja,
nikisubiri shangazi Anyonje anitafsirie nusu,
nusu nyingine akiimeza kwa huruma.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa na jambo la kutushangaza.
Aliyekufa, alisema, hachukui *ser*. Huchukua *estar*.
*Está muerta.*
Njambi akabisha: kufa si kwa muda!
Sista akatazama dirishani.
Mwalimu akapangusa ubao. Ndivyo wasemavyo, akasema,
ishikeni hivyo hivyo.

Nikaishika.
Bibi si *ni*. Bibi yuko.
Yuko kwenye kufa kwake kama mama alivyo sokoni,
na mtu aliye mahali
yawezekana bado anasubiri kujibiwa.

B moja inaanza Januari, ada sijamaliza.
Jumapili nampigia shangazi, daftari gotini,
kurasa za nyuma, huku Kihispania kikija toka mbele.
Naanza na ninachokula.
Pera mnaliitaje?
Anacheka mpaka anakohoa.
*Lipera*, anasema. Yakiwa mengi, *amapera*.
Usiandike, nakusikia ukiandika.
Sema.